Kilomita Zilikopita: Mwongozo wa Kupima Gari la Mbio Lililotumika

Matangazo ya magari yaliyotumika nchini mwetu yana mpangilio wake, na anayeyasoma kila siku anaujua: aina ya gari, herufi ya namba, kilomita, bei, kisha maneno ya kutuliza moyo, kwamba injini haijafunguliwa na gari halijagongwa. Herufi humwambia msomaji gari liliandikishwa Tanzania zamani kiasi gani, kwa kuwa namba C imetangulia namba D, na namba D imetangulia namba E. Kilomita nazo hudai kusema gari limetembea kiasi gani tangu litoke kiwandani. Katika hayo yote hakuna kinachopandisha na kushusha bei haraka kama kilomita, na hakuna kinachoeleweka vibaya kama hizo. Mnunuzi akiona 68,000 anatabasamu, akiona 190,000 anaaga. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba mnunuzi huyo amekosea mara mbili. Kwanza, namba iliyo kwenye dashibodi ni dai la muuzaji, na dai hupimwa kwa ushahidi. Pili, hata namba hiyo ikiwa ya kweli, inataja umbali tu, wakati uchakavu wa gari, hasa gari la mbio, hutokana na namna umbali huo ulivyokwendwa: barabara ipi, mkononi mwa nani, kwa oili gani na kwa muda gani.

Tuliangalie jambo hili kutoka Mlali, ile ya wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, tusiichanganye na Mlali ya Mvomero kule Morogoro. Huku gari la mbio si Ferrari wala Porsche. Ni Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, yenye injini ya 3S-GE kwa waliobahatika na 1G-FE kwa wengine. Ni Mark X ya 2004 hadi 2009 yenye injini ya 4GR ya lita 2.5, ni Verossa, ni Subaru Impreza WRX na ndugu yake Forester ya turbo. Mnunuzi wake ni mfanyabiashara wa mahindi anayeshinda soko la Kibaigwa, mkulima wa alizeti aliyevuna vizuri, au mtumishi aliyehamia Dodoma na serikali. Karibu magari haya yote yamezaliwa Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, yakavuka bahari, kisha yakaanza maisha ya pili hapa. Kwa hiyo kilomita zake ni za nchi mbili, na sura hizo mbili za maisha hazifanani. Anayezisoma kama namba moja amekwisha kupoteza nusu ya habari.

Wilaya hii ina somo lake la kale kuhusu mashine zilizotumika. Mwaka 1947 Waingereza waliichagua Kongwa kuwa mahali pa kuanzia mradi wao mkubwa wa karanga. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, basi wakanunua mitambo iliyobaki jeshini, mingine ikitoka mbali kama Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta yakaitwa Shervick. Mitambo mingi ilifika ikiwa imechoka tayari, ikakutana na udongo mgumu wenye chembe za mawe meupe zinazokula chuma kama msasa. Haukupita muda sehemu kubwa ikawa imelala kwenye gereji, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mradi ule ulikuwa na makosa mengi, lakini hili moja linatuhusu: mashine zilihesabiwa kwa idadi na kwa bei, ila hazikuulizwa zilikotoka zilifanya kazi gani, wala zinakokwenda zitakutana na udongo gani. Mnunuzi wa Subaru leo anaweza kulirudia kosa hilohilo kwa kiwango cha mfuko wake.

Tena mkulima wa Kongwa anayenunua trekta lililotumika ana hekima ambayo mnunuzi wa gari dogo hana. Trekta halipimwi kwa kilomita, lina mita ya saa. Kila anayelijua trekta anaelewa kuwa injini huchoka kwa saa ilizowaka na mzigo iliobeba, na umbali ni habari ya pili. Tuipeleke hekima hiyo kwenye gari. Chukua gari la mtumishi anayekwenda Dar es Salaam na kurudi Dodoma mara mbili kwa mwezi. Safari moja ya kwenda ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo kwa mwaka atakuwa ametembea 21,600. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 70 kwa saa, injini yake imewaka saa 309 hivi, mara nyingi ikiwa imeshika joto lake sawasawa, gia ya juu, oili ikizunguka vizuri. Chukua sasa gari la Dar es Salaam linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwenye foleni, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Hilo limewaka saa 750. Feni imefanya kazi muda wote, gia zimebadilishwa maelfu ya mara, breki zimekanyagwa bila kupumzika. Baada ya miaka mitano la kwanza litasoma kilomita 108,000 zaidi na la pili 75,000 zaidi, na soko litamlipa zaidi mwenye gari lililochoka zaidi.

Kuna atakayepinga, na ana haki, kwamba si kila kilomita ya bara ni kilomita ya lami laini. Ni kweli, na hapa ndipo nyanda za kati zinapodai kutazamwa kwa macho yake. Kiangazi cha Dodoma huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, na katika miezi hiyo barabara za vijiji vya tarafa ya Mlali hugeuka unga. Chembe zilezile zilizokula majembe ya mradi wa karanga huingia kwenye injini ambayo filta yake ya hewa imepasuka au haikukazwa vizuri, zikasaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati nayo hutikisa bushi, boljointi na shokapu mpaka zilegee, na gari la mbio huumia zaidi kwa sababu limekaa chini na springi zake ni ngumu. Hivyo kilomita 10,000 za njia ya vumbi zaweza kuzidi uharibifu wa kilomita 50,000 za barabara kuu. Pingamizi hilo basi linaikaza hoja yangu: muuzaji aulizwe kwanza gari lilikuwa likilala wapi na likienda wapi. Kisha jibu lake likaguliwe. Fungua kisanduku cha filta ya hewa, pitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Ukikutana na vumbi laini upande huo, injini imekuwa ikilivuta, na hakuna namba ya dashibodi itakayokufariji.

Sasa tuipime namba yenyewe. Kurudisha kilomita nyuma si kazi ngumu kwa mwenye kifaa, na mita za kidijitali hazikuizuia. Lakini mwongo hubadilisha mahali pamoja na kusahau kwingine, na kazi ya mkaguzi ni kukutafuta kwingine huko. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango, kisha fungua boneti utazame karibu na injini. Mafundi wa Japani hubandika vibandiko vidogo kila wanapobadili oili au mkanda wa taimingi, wakiandika tarehe na kilomita, na vingi hubaki hapo miaka kwa sababu hakuna anayejua kuvisoma. Namba zake ni za kawaida, lakini mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi za Wafalme wa Japani. Enzi ya Heisei ilianza 1989, hivyo mwaka 20 wa Heisei ni 2008, wala si 2020. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, hivyo mwaka wa 2 ni 2020. Kibandiko kikisema oili ilibadilishwa mwaka 20 wa Heisei kwenye kilomita 94,000, na dashibodi leo inasoma 86,000, mazungumzo yamekwisha.

Hesabu ya pili haihitaji hata kufungua mlango. Gari la kawaida la mtu Japani mara nyingi hutembea chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka. Tuseme karatasi ya mnada inaonyesha gari liliuzwa likiwa na kilomita 72,000, na kadi ya gari inaonyesha liliandikishwa hapa mwaka 2015. Miaka 10 baadaye dashibodi inasoma 86,000. Maana yake limetembea kilomita 14,000 kwa miaka 10, yaani chini ya kilomita 4 kwa siku. Kama mwenyewe ni mzee anayekwenda msikitini au kanisani na kurudi, huenda. Kama ni mfanyabiashara wa Kibaigwa mwenye wateja Dodoma na Morogoro, haiwezekani. Ongeza ushahidi wa matairi: kila tairi lina tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya juzi yaliyolika mpaka usawa hayakulika yakiwa yameegeshwa.

Baada ya karatasi, mwili. Usukani wa gari lililotembea sana hung'aa pale dereva anaposhika, raba ya pedali ya breki hulika ukingo wa kulia, kiti cha dereva huporomoka upande wa mlango kwa sababu ndiko anakopitia kila akishuka. Atasema mtu kwamba vitu hivi hubadilishwa, kwamba usukani huvalishwa ngozi mpya na viti hushonwa upya kwa bei ndogo. Naam, ndiyo maana alama moja haitoshi na linalotafutwa ni upatano wa alama. Kiti kipya kwenye gari linalodai kilomita 60,000 ni swali: kile cha zamani kilichakazwa na nini? Pedali mpya pembeni mwa zulia lililotoboka chini ya kisigino ni jibu. Tazama disiki za breki kwa kupitisha ukucha kwenye ukingo wake. Disiki iliyotumika sana hujenga ngazi pale ambapo pedi haifiki, na ngazi ndefu haipatani na kilomita chache. Tazama kioo cha mbele dhidi ya jua la asubuhi: maelfu ya vidoa vidogo kama vya sindano ni kazi ya mchanga wa barabara kuu, na dashibodi haiwezi kuvifuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika gari kinachoumbua mara nyingi ni kitu kidogo ambacho muuzaji hakuona sababu ya kukigusa.

Lakini namba ikishathibitika kuwa ya kweli, au ikijulikana kuwa ya uongo, bado hatujajua kama gari ni zima. Hapa kila injini ina tabia yake, na mjuzi hukagua tabia badala ya kufuata orodha moja kwa magari yote. Altezza na Subaru ya turbo yenye injini ya EJ20 zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kwenye EJ20 hiyo mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo Impreza ya kilomita 130,000 yenye uthibitisho wa mkanda mpya ni salama kuliko ya kilomita 95,000 yenye mkanda wa kiwandani. Mark X yenye 4GR hutumia cheni, hivyo hofu hiyo haina. Ila petroli yake hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa kuzisafisha, na masizi hujijenga huko, hasa kwa gari la safari fupifupi za mjini. Turbo nayo haijali umbali kama inavyojali oili: oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 hivi, na injini isizimwe papo hapo baada ya kukimbizwa, maana oili iliyobaki kwenye ekseli ya turbo huungua na kuwa gamba. Gari la kilomita 180,000 lililotunzwa hivyo hulishinda la 80,000 lililoachwa kwenye oili ileile mwaka mzima.

Utaratibu wa kuipima injini ni huu. Fika asubuhi, umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla yako, kisha gusa boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini ya moto huficha makosa yake. Liwashe mwenyewe ukisikiliza sekunde za kwanza, kwani mgongano wa chuma kabla oili haijapanda ni dalili ya cheni iliyolegea au vyuma vilivyoachana. Mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu unaotoka mara tu gari likiwaka kisha ukakoma mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaozidi gari linapovuta mlima ni ringi au turbo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja, ni gasketi ya silinda hedi. Kisha fundi apime kompresheni ya kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kwa injini, lakini silinda zote zinapaswa kukaribiana, tofauti isizidi asilimia 10 hivi. Silinda tatu sawa na moja iliyoanguka ni habari mbaya kuliko nne zote zilizoshuka kidogo kwa pamoja, kwa sababu nne zilizoshuka pamoja zimezeeka, na moja iliyoanguka imeumia.

Wapo wanaosema hayo yote hayana haja, kwamba mtu aagize moja kwa moja Japani akiwa na karatasi ya mnada mkononi. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri, nami ningependa kila mnunuzi ajifunze kuisoma: daraja, mchoro wa gari wenye alama za mikwaruzo, na herufi R inayoonyesha gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Vilevile cheti cha ukaguzi wa lazima wa Japani, unaofanywa gari likifikisha miaka 3 kisha kila miaka 2, huandika kilomita zilizosomwa siku hiyo. Lakini karatasi inasema kweli mpaka siku ile gari lilipopigwa mnada. Haijui lililofuata. Kwa gari ambalo tayari lina miaka 8 Tanzania, karatasi ya mnada ni cheti cha kuzaliwa, na mtu hapimwi afya kwa cheti cha kuzaliwa. Hata anayeagiza akumbuke kwamba karatasi lazima iwe na namba ya chesesi iliyopigwa kwenye chuma cha gari, tarakimu kwa tarakimu, la sivyo ni karatasi ya gari lingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtu wa Mlali mwenyewe: gari la kilomita nyingi likiharibika, nitampata wapi fundi na kipuri? Hilo silipuuzi. Fundi wa kijijini anayefufua pikipiki kila siku hana lazima ya kujua turbo, na kipuri cha Altezza huenda kikasubiri basi kutoka Dar es Salaam. Ila pingamizi hili halitetei kilomita chache, linatetea gari linalojulikana. Gari la kilomita 60,000 lililokaa miaka mitatu chini ya mwembe lina sili zilizokauka, petroli iliyoharibika kwenye tangi, breki zilizoshika kutu na matairi yaliyopasuka pembeni, na hayo yote yatajitokeza mwezi wa kwanza, mbali na kipuri vilevile. Linalofaa ni kuorodhesha kazi zinazokaribia: mkanda, pampu ya maji, shokapu, bushi, klachi, matairi. Ulizia bei zake kabla ya kununua, zijumlishe, uziondoe kwenye bei ya gari. Gari la kilomita nyingi ambalo kazi hizo zimefanyika kwa risiti lina bei halali. Ambalo hazijafanyika lina bei mbili, moja unayomlipa muuzaji na nyingine utakayomlipa fundi. Na gari ambalo fremu yake imekunjwa kwa ajali, au silinda yake moja imeanguka, liachwe hata likiwa na kilomita 40,000, hata rangi yake ikiwa nzuri namna gani.

Ukikubali hoja hii, siku ya kulipa haitakuwa mwisho wa kazi. Nunua daftari la kurasa 96, uliweke ndani ya gari. Andika ukurasa wa kwanza kilomita ulizozikuta na kwa nini uliziamini au hukuziamini. Kila oili, kila filta, kila safari ndefu ya vumbi kutoka Kongwa kwenda mashambani, andika tarehe na kilomita, ubandike risiti. Anza kwa kubadili oili zote na filta ya hewa wiki hiyohiyo, ili hesabu yako ianze mahali unapopajua. Baada ya miaka michache nawe utakuwa muuzaji, na dashibodi itasoma 210,000 labda. Mnunuzi wa kawaida ataaga. Anayejua ataomba daftari, ataketi nalo kivulini, atasoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajaligusa gari, naye ndiye mtu unayepaswa kumuuzia.